Trekta likiondoka lenyewe usilikimbize: namna ya kuliegesha, kuliwasha na kulishusha mlimani

Wakuu habari. Hii naandika kwa wenye matrekta ya zamani, hasa sisi wa huku Karatu na Mbulu, na nyie wa Lushoto na Makete ambako shamba lenyewe limeegemea kama ukuta. Naanza na kilichonitokea halafu ndo tuingie kwenye namna ya kufanya, maana usipoelewa lilivyoondoka utaona nakufundisha vitu vya kitoto.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, msimu wa kulima, Massey langu limelala shambani kwa mteja maeneo ya Rhotia. Betri ilikuwa imekufa wiki ya tatu hiyo na mimi nasema ntanunua nikimaliza eka za huyu, nikimaliza za huyu nasema za yule, si unajua msimu ulivyo. Kwahiyo kila jioni dereva analiegesha mteremkoni, uso chini, asubuhi anapanda, anaachia, likipata mwendo anatia gia linashtuka linawaka, siku inaenda. Wengi tunafanya hivyo na tunaona ni ujanja.

Sasa angalia betri moja mbovu inavyozaa. Ukitaka kushtua asubuhi inabidi trekta lilale kwenye mteremko hata kama tambarare ipo hatua hamsini tu pembeni. Inabidi pia plau lilale juu, kwasababu injini ikiwa imezimwa haidroliki hainyanyui kitu, ukiliacha plau chini asubuhi limeng'ang'ania ardhi na trekta haliserereki. Na inabidi awepo mtu wa kutoa mawe, yani mtu achuchumae mbele ya tairi la kimo cha kifua. Yote hayo kwa ajili ya betri. Juu yake weka hendibreki ambayo kwetu ilikuwa ya urembo tu, na gia iliyoachwa fri kwa mazoea, maana dereva angeweza kabisa kuliacha kwenye gia na asubuhi akakanyaga klachi. So kilichokuwa kinashikilia tani mbili na nusu na zaidi usiku kucha ni mawe mawili.

Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi mimi niko chini huko kwa mama wa uji, kikombe mkononi, dereva yuko juu pembeni ya trekta anavaa koti, utingo akaniuliza kwa sauti, "Bosi, nitoe mawe?" na mimi bila hata kuangalia kama dereva ameshapanda nikamjibu "toa moja kwanza". Moja kwanza! Kama vile trekta linajua kuhesabu. Dogo akachuchumaa, akalitikisa la kushoto likatoka. La kulia lilikuwa limekaa kwenye tope la usiku, wala halikuruka, lilizama tu taratibu kama andazi linavyozama kwenye chai, tairi likapita juu yake.

Na hakukuwa na mlio. Hapo ndo wengi tunakosea, tunadhani tutasikia. Injini imezimwa, trekta linaondoka kimya, unasikia tope linanyonya basi. Dogo alijitupa pembeni lakini mguu ulichelewa, tairi likakanyaga ncha ya gambuti. Gambuti lenyewe alirithi kwa kaka yake, lilikuwa kubwa kwake namba mbili nzima, vidole vilikuwa havifiki mbele. Lilivuka mguuni likabaki pale, nilikuja kuliokota baadae limebapa kama chapati na alama ya meno ya tairi juu yake.

Dereva sasa akalikimbiza. Lilikuwa linaenda mwendo wa mtu anayewahi daladala, akalipata, akashika madigadi, mguu ukatafuta pa kukanyaga ukakosa, akaburuzwa hatua tano sita huku tairi linazunguka karibu na goti lake, nikapiga kelele "Achia! Achia!" ndo akaachia. Mimi nikamvuta mama kwa kanga, alikuwa ameinama anachochea kuni hajaona chochote, trekta likapita kati ya sufuria na mti, likaenda kupanda kichuguu, likasimama pua juu. Mama kwa hasira akaniambia, "Baba, unanivuta kanga hivyo kuna nini?" Akageuka akaona. Hakuongea tena mpaka saa nne.

Haya. Twende kwenye kazi.

Kuegesha

Kanuni ya kwanza ni uwanja. Kama tambarare ipo, hata iwe mbali, nenda. Macho yanadanganya sana huku milimani, ukikaa kwenye miteremko miaka yote unaona mahali pamenyooka kumbe pamelala. Mimi saivi naweka chupa ya maji ubavu chini mahali pagumu, ikibingirika basi trekta nalo litabingirika siku moja.

Ukishasimama, kabla hujanyanyua makalio kwenye siti fanya hivi kwa mpangilio huu huu kila siku mpaka mwili uzoee wenyewe. Unganisha pedali mbili za breki kwa kile kilachi chake, yani kile chuma kidogo cha kuzifunga pamoja (sio klachi), ukanyage zote pamoja, uvute hendibreki mpaka mwisho. Shusha plau au haro mpaka ikae chini kabisa, hii ni nanga yako, plau la diski tatu lililozama kwenye udongo linashika trekta kuliko jiwe lolote. Zima injini kwa kuvuta waya wa kuzimia, na kumbuka haya ma dizeli ya zamani ukishayawasha hayahitaji umeme kuendelea kuunguruma, kuzungusha funguo peke yake kwenye mengine hakuzimi kitu. Kisha liache kwenye gia, liva ya hai na lo, yani ya mwendo mkubwa na mdogo, iwe kwenye lo. Kama uso umeangalia chini weka rivasi, kama umeangalia juu weka namba moja, hapo injini yenyewe inakuwa kizuizi kwa ule mgandamizo wake. Gia ni msaidizi wa hendibreki lakini, sio badala yake. Toa funguo tia mfukoni. Sio kwa ajili ya wezi tu, ni watoto, mtoto akiona trekta limesimama lazima apande achezee liva, na wewe ulipokuwa mdogo ulifanya hivyo hivyo usinidanganye.

Wenzetu Uingereza wakaguzi wao wa usalama wamelifupisha jambo hili kuwa hatua nne: hendibreki, viungo na vyombo vyote viwe salama, zima injini, toa funguo. Wamelirudia hilo miaka na miaka kwasababu hata kwao, na matrekta mapya, watu wanakufa wakishuka mara moja tu kufungua geti.

Halafu kabari. Jiwe sio kabari. Jiwe la mviringo linabingirika, jiwe bapa linateleza, na jiwe lolote kwenye tope linazama. Mwambie fundi seremala akukatie kabari mbili za mti mgumu, upana wa tairi, ziwe na mgongo mrefu upande wa ardhini ili zisizame, na kila moja itobolewe tundu nyuma lifungwe kamba ya mita tatu. Kamba ndo muhimu, hakuna mtu kuchuchumaa mbele ya tairi tena, unasimama pembeni kabisa, unavuta. Za kwangu ni za mgrivea, hazijavunjika mpaka leo.

Hendibreki unaijuaje kama nzima

Usiulize fundi, jaribu mwenyewe. Tafuta mteremko mdogo ambao chini yake ni tambarare ndefu isiyo na mtu, uwe juu ya siti, plau au tela umelitoa, vuta hendibreki, kanyaga klachi, nyanyua mguu kwenye breki polepole. Likisogea hata kidogo hiyo hendibreki haipo. Kwetu shida ilikuwa kitu cha kijinga tu, fimbo inayovuta breki ilikuwa imeshikwa na kutu pale kwenye maungio, unavuta liva inakuja juu vizuri ila chini hakuna kinachotokea. Grisi na dakika arobaini.

Na breki za miguu zikaze sawa kushoto na kulia. Shambani huwezi kuona tofauti kwasababu unatumia moja moja kukatia kona, ila barabarani ukizikanyaga zote moja ikawahi, trekta linavutwa upande mmoja, na ukiwa na mwendo ndo linapinduka. Kilachi cha kuunganisha pedali kiwe kimefungwa muda wote ukiwa nje ya shamba. Madereva wengi wanakiacha wazi mwaka mzima, wengine kimekatika hawakumbuki lini.

Kuwasha, hapa naomba unisikilize

Kuna tabia mbaya kuliko ya mawe. Ile ya kusimama chini na bisibisi au spana, unagusanisha vichwa viwili vya stata, tre tre, linawaka. Watu wanajisifia kabisa kwamba fundi fulani hana haja ya funguo. Sikiliza, matrekta mengi yana swichi ya usalama kwenye liva ya gia au klachi, kazi yake ni kukataa kuwasha kama liko kwenye gia. Ukipitisha umeme kwa bisibisi moja kwa moja kwenye stata umeiruka hiyo swichi. Sasa wewe umesimama wapi? Umesimama kati ya tairi la mbele na la nyuma, mkono umeingia ndani, na kama kuna gia iliyosahauliwa trekta likiwaka tu linaondoka na tairi la nyuma linakuja moja kwa moja kwenye paja. Halikupi muda wa kuruka, na ukishalala haliachi kuunguruma eti limekuhurumia. Kwahiyo sheria ya kwangu: trekta linawashwa na mtu aliyekaa kwenye siti, klachi imekanyagwa, liva umeitikisa ukaona iko fri. Akiwasha mtu akiwa chini, hata awe fundi mkuu, kazi imeishia hapo.

Kama betri imechoka kuna njia. Anza na vichwa vya betri kabla ya kutukana betri yenyewe, betri nyingine zinazoitwa mbovu shida ni ule unga mweupe tu. Toa waya wa negativu kwanza, halafu wa pozitivu, osha na maji ya moto yaliyotiwa magadi kidogo, litatoa povu, sugua, suuza, kausha, rudisha pozitivu kwanza na negativu mwisho, paka grisi kwa juu. Ikikataa basi busti kwa gari yenye betri ya volti 12 kama ya kwako, pozitivu kwa pozitivu, na waya mwingine kutoka negativu ya gari uubane kwenye chuma kitupu cha trekta mbali na betri, maana betri inayochajiwa inatoa gesi ya kuwaka na cheche ikiwa karibu itakupasukia usoni.

Nakujua lakini, kuna siku uko porini hakuna gari na utashtua tu. Basi angalau fanya hivi: dereva awe ameshakaa, breki mbili zimeunganishwa na amezikanyaga, ndo kabari zitolewe kwa kamba, anayezitoa awe upande wa juu wa mteremko au pembeni kabisa na aonekane na dereva, njia ya chini iwe tupu mpaka mwisho wa macho, na anayetoa amri ni dereva peke yake. Sio bosi aliyeko kwenye uji.

Kushuka mlima na tela

Hapa trekta lina dereva lakini linakuwa halina dereva vile vile. Tela nyingi za huku hazina breki, ukipakia gunia arobaini za mahindi, gunia la kilo mia mia, una tani nne zinakusukuma mgongoni, uzito kuliko trekta lenyewe. Chagua gia ukiwa bado juu, kabla hujaanza kushuka, na iwe gia ile ile ambayo ungepandia mlima huo. Usibadilishe katikati. Kosa linaloua ni kukanyaga klachi au kutupa fri eti kuokoa dizeli, ukikanyaga klachi umekata kamba kati ya injini na matairi, mwendo unapanda, unataka kurudisha gia inakataa inakwaruza tu, na hapo zimebaki breki ambazo tulishaziongelea.

Ukijikuta linakuzidi wakati bado liko kwenye gia, mguu toka klachi, punguza mafuta mpaka chini, kanyaga breki zote kwa kupigapiga sio kuzibana moja kwa moja, na kama linazidi kuchapuka vuta waya wa kuzimia, injini iliyokatiwa mafuta ikiwa kwenye gia bado inazuia. Kama nyuma una plau badala ya tela, liangushe, litachimba barabara ya watu ila watasamehe. Elekeza kwenye shamba lililolimwa au mahali panapopanda, kona iwe ndefu ya taratibu, kona ya ghafla tela linakuja ubavuni linakunja trekta kama kisu cha mfukoni.

Abiria hakuna. Sio kwenye madigadi, sio kwenye chuma cha kufungia tela, sio juu ya magunia. Najua jioni vibarua wamechoka na nyumbani ni kilomita sita, mimi pia nimewabeba miaka mingi, na kila anayekatalia abiria anaitwa ana roho mbaya. Acha uitwe.

Na zile fremu za chuma nyuma ya siti, za kukulinda trekta likipinduka, matrekta mengi ya mtumba yanakuja nazo halafu tunazikata eti zinagusa matawi ya miti au tuuze chuma. Sweden walilazimisha kila trekta jipya liwe nazo tangu 1959. Ukiwa na fremu, funga mkanda na ubaki ndani, fremu bila mkanda inaweza kukulalia yenyewe.

Kuna na injini inayokimbia yenyewe, sio trekta, nagusia kidogo. Mlio unapanda wenyewe, moshi mzito, umevuta waya wa kuzimia na halisikii. Hapo linakunywa oili yake, na kwenye haya ya zamani chanzo kimojawapo ni fundi kajaza oili kupita alama kwenye lile bakuli la chujio la hewa. Uko kwenye siti na mbele hakuna mtu? Gia kubwa, breki zote, achia klachi ghafla lizimike. Ukiwa chini ziba mdomo wa hewa kwa ubao. Kiganja hapana, linavuta.

Likishaondoka

Turudi kwa dereva wangu. Ile sekunde ya kwanza trekta linatembea polepole kuliko mtu, na hapo ndo linapotongoza. Unaona kabisa nalipata, napanda, nakanyaga breki. Hesabu yako ni sahihi kwa mwendo wa sekunde ile, ila mpaka ushike madigadi mwendo umeshabadilika, unapanda kitu kinachoruka juu ya matuta, na pa kukanyaga pako pembeni kabisa mwa tairi la nyuma. Ukiteleza unaangukia wapi? Mbele ya tairi. Usilikimbize. Usisimame mbele. Usitupe jiwe chini ya tairi linalozunguka, linarudi kama risasi au linateleza nalo na wewe mkono uko hapo.

Kazi yako ni mdomo. Piga kelele, na useme neno moja la kueleweka na upande, "Trekta! Kulia! Kulia!" sio "yoo yoo". Watu wakimbie pembeni, watoke kwenye njia yake, wasikimbie kushuka nalo, binadamu akiogopa anakimbia mbele moja kwa moja kama kuku barabarani. Anayewahi kufika kwa mtoto au mzee avute kanga, shati, nywele, chochote.

Likisimama usiende mbio. Letu lilikaa juu ya kichuguu kama dakika nzima na vijana wanataka kupanda kupiga picha, nikawakataza, na kweli upande mmoja wa kichuguu ukamomonyoka likarudi nyuma karibu mita moja ndo likatulia. Sogea kutoka pembeni upande wa juu, weka kabari mbele na nyuma ya matairi yote mawili makubwa, ukishahakikisha halitikisiki ndo mtu mmoja apande, avute hendibreki, atie gia. Kama injini inaunguruma avute waya wa kuzimia kwanza. Plau likiwa limening'inia asipite mtu chini yake.

Kabla ya kulirudisha kazini tulikagua eksel ya mbele, vyuma vya stelingi, rimu, kama kuna oili inadondoka chini ya gia boksi, na bolti zote za mikono ya nyuma inayobeba plau. Chuma kimoja cha stelingi kilikuwa kimepinda, tukakibadilisha, hiyo ikala siku mbili na mteja akaita trekta lingine. Gambuti nilimnunulia dogo jipya, namba yake halisi, akalijaribu akasema linambana, anataka namba mbili juu.